Benki Zikifungwa: Kahawa ya Chepkube, Ng'ombe wa Tilia na Bitcoin

Katikati ya miaka ya 1970, Chepkube, soko dogo la Bungoma karibu na mpaka wa Uganda, lilijaa fedha kuliko miji mingi ya Magharibi mwa Kenya. Sakitu ilikuwa imeunguza mibuni ya Brazili mnamo Julai 1975, na bei ya kahawa ikapaa duniani kote. Ng'ambo ya mpaka, wakulima wa miteremko ya Mlima Elgon walikuwa na kahawa ambayo hawakutaka kuiuza kwa serikali ya Idi Amin. Bei ya serikali ilikuwa ndogo, shilingi ya Uganda ilikuwa ikipoteza thamani mwezi hadi mwezi, na hata aliyekuwa nayo mfukoni hakupata sabuni, chumvi wala sukari ya kununua. Magunia yakavushwa usiku, ingawa magendo siku hizo yangeweza kumgharimu mtu maisha yake. Wanunuzi wa upande wa huku waliyapokea kwa shilingi za Kenya na kwa bidhaa.

Alichofanya mkulima yule, vijana wa Kitale na Bungoma leo wanakieleza kwa lugha ya simu na kompyuta. Aliikimbia fedha ya nchi yake, akaliweka jasho lake katika kitu ambacho serikali yake haikuweza kukipunguza thamani kwa amri. Na alikuwa sahihi. Mwaka 1987 serikali ya Uganda, sasa chini ya Museveni, ilibadilisha fedha: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, kisha asilimia 30 ikakatwa juu yake. Aliyeficha noti chini ya godoro alipoteza karibu theluthi ya akiba yake kwa tangazo moja. Aliyekuwa na kahawa ghalani, ng'ombe zizini au shilingi za Kenya hakuguswa na makato hayo.

Ndiyo maana siwezi kuwapuuza wanaosema kwamba benki za nchi zikianguka, Bitcoin itatuokoa. Swali lao ni la haki, na eneo hili lina historia ya kulijibu. Lakini mjadala wenyewe huendeshwa mno kwa mifano ya mbali, kama kwamba Bungoma na Trans Nzoia hazijawahi kujitengenezea njia ya kuishi bila benki. Njia zipo, na baadhi yake ni za kale kuliko benki yoyote ya Kenya. Nataka kuziweka njia hizo kando ya sarafu za kidijitali na kuuliza kila moja inatuokoa na nini.

Kwanza tutenganishe magonjwa mawili. Katika wa kwanza, benki inafunga mlango ilhali fedha bado ni nzima: shilingi inanunua unga uleule, ila yako imekwama ndani. Katika wa pili, mlango uko wazi lakini fedha yenyewe inaoza mkononi. Uganda ya Amin iliugua ule wa pili. Kenya imeugua ule wa kwanza mara nyingi. Mwaka 1986 zilianguka taasisi za kundi la Continental na za kundi la Union. Mapema katika miaka ya 1990, katikati ya kashfa ya Goldenberg, zikafuata Trade Bank, Exchange Bank na Pan African Bank. Mwaka 1998 ikawa zamu ya Trust Bank, Reliance na Bullion. Kisha likaja wimbi ambalo wengi wetu tunalikumbuka: Dubai Bank mnamo Agosti 2015, Imperial Bank tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo, na Chase Bank tarehe 7 Aprili 2016, baada ya uvumi kusambaa kwenye simu na wateja kukimbilia amana zao.

Kwa mwenye akaunti Imperial, shilingi ilibaki shilingi. Wachuuzi wa vitunguu pale Chwele waliendelea kuuza kwa bei za siku zote. Yeye peke yake, pamoja na wenzake wa benki ile, ndiye aliyekuwa maskini, na umaskini wake uliletwa na kufuli. Bima ya amana wakati huo ililipa mwisho shilingi 100,000. Ilipandishwa kuwa 500,000 mwaka 2020. Chase ilifunguliwa tena chini ya usimamizi wa KCB kabla Aprili kwisha, na mwaka 2018 asilimia 75 ya amana zilizokuwa zimezuiwa zilihamishiwa SBM, sehemu yake ikilipwa kwa awamu za miaka. Wenye amana Imperial walisubiri hadi Desemba 2021 kuambiwa kwamba benki inakabidhiwa mfilisi. Fikiria mtu aliyeuza shamba Kiminini akaweka fedha zote katika benki moja ya namna hiyo.

Ugonjwa wa pili nao haukutupita kabisa. Fedha nyingi zilipomwagwa katika uchaguzi wa 1992, bei zilipanda kwa kasi ambayo Kenya haikuwa imeizoea, na noti ya shilingi 500 watu wakaipa jina la Jirongo, mwanasiasa aliyehusishwa na fedha hizo za kampeni. Lakini shilingi ilisimama tena. Hatujawahi kuamka na kukuta akiba ya maisha imekuwa bei ya mkate.

Bitcoin ilizaliwa katika kipindi cha ugonjwa wa kwanza, ikiogopa wa pili. Andiko la muundaji wake, Satoshi Nakamoto, lilitoka tarehe 31 Oktoba 2008, wiki chache baada ya benki ya Lehman Brothers kuanguka kule New York. Katika bloku ya kwanza, yaani ukurasa wa kwanza wa daftari lake, ya tarehe 3 Januari 2009, aliyeitengeneza alipachika kichwa cha habari cha gazeti la The Times la London kuhusu serikali kukaribia kuokoa benki kwa mara ya pili. Idadi ya sarafu hizo ikawekewa kikomo cha milioni 21, ili asiwepo mkubwa wa kuziongeza. Daftari lake linashikwa na maelfu ya kompyuta zinazokaguana, kwa sababu msingi wa fikra yote ni kwamba hakuna binadamu, benki wala serikali inayostahili kuaminiwa kulishika peke yake. Huu ni utamaduni kamili wa fedha, wenye maadili yake, nami nauheshimu. Unamwambia mtu: usimtegemee yeyote, shika ufunguo wako mwenyewe.

Mtihani wake wa kwanza ulikuwa Cyprus. Machi 2013 benki za kisiwa hicho zilifungwa karibu wiki mbili. Zilipofunguliwa, mteja aliruhusiwa kutoa euro 300 kwa siku, na wenye amana kubwa katika Bank of Cyprus walipoteza asilimia 47.5 ya kiasi kilichozidi euro 100,000. Bei ya Bitcoin ilipanda mwezi uliofuata hadi zaidi ya dola 200, watu duniani wakishangaa kuona kwamba serikali ya Ulaya inaweza kukata akiba za raia. Ndani ya siku chache ikaporomoka. Na wale wa Nicosia ambao fedha zao zilikuwa ndani wasingeweza kununua Bitcoin wakati huo hata wangetaka, kwa kuwa fedha ya kununulia ndiyo hiyo iliyofungiwa. Bitcoin ilimsaidia aliyekuwa ameshatoka. Hili hurudi katika kila nchi iliyopatwa, nami ningependa kila kijana anayeipigia debe alitaje waziwazi kwanza.

Lebanon iliugua magonjwa yote mawili. Tangu 1997 pauni 1,507.5 zilikuwa dola moja. Oktoba 2019 benki zilifungwa, na zilipofunguliwa mtu aliyeweka dola hakuruhusiwa kuzitoa kama dola. Miaka michache baadaye kiwango rasmi kilikuwa pauni 15,000, kisha 89,500. Wahenga wetu walisema akiba haiozi. Akiba za walimu na wauguzi wa Beirut zilioza zikiwa ndani ya benki, hata watu wakafika hatua ya kuingia benki na bunduki kudai fedha zao wenyewe. Huko sarafu za kidijitali zilifanya kazi ya kweli. Wengine walichimba Bitcoin kwa umeme wa maporomoko ya mto Litani. Wengi zaidi walitumia USDT, sarafu iliyofungamanishwa na dola ya Marekani, kupokea malipo ya kazi kutoka nje na kulipa dukani. Ukitazama vizuri, hiyo ndiyo Chepkube. Walebanoni wale hawakuwa wanahama kutoka kwenye fedha za serikali. Walikuwa wanahamia fedha ya serikali nyingine iliyo imara zaidi, kama mkulima wa Mlima Elgon alivyohamia shilingi ya Kenya, ila safari hii gunia lilipita hewani.

Sasa turudi Kitale. Mtu anayepata ujira wake kwa kuandika au kutafsiri mtandaoni analipwa USDT na mteja wa ng'ambo. Anaiuza kwa mnunuzi aliyempata kwenye soko la mtu kwa mtu, mnunuzi anamtumia M-Pesa, naye anakwenda kwa wakala kutoa noti za kununua gorogoro ya mahindi. Shilingi za M-Pesa ziko wapi wakati huo? Ziko katika akaunti ya amana ndani ya benki za biashara. Wakala anapata wapi floti na noti? Benki. Zikifungwa benki zote kwa wiki moja, wakala wa mtaa wa Kibomet atamaliza noti zake kabla ya wiki hiyo kufika katikati, na mwenye USDT atakuwa na namba kwenye kioo cha simu. Mtandao nao si wa kutegemewa kila siku: tarehe 25 Juni 2024, siku vijana waliposhuka barabarani kupinga Mswada wa Fedha, intaneti ilivurugika nchini kote. Kwa hali ilivyo Kenya leo, njia mbadala ya benki inapita sebuleni kwa benki.

Kuna hasara nyingine ambayo haizungumzwi. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, na wengi wakaamini shilingi inakwenda njia ya Lebanon. Miezi michache baadaye ilikuwa karibu 129. Mkulima aliyeuza mahindi yake Januari ile akayahamishia USDT kwa hofu, alipofika wakati wa kununua mbolea alikuwa amepoteza karibu asilimia 20 ya shilingi zake, na hakuna aliyemwibia. Mbolea ya ruzuku inauzwa kwa shilingi, karo ya shule inalipwa kwa shilingi. Anayeishi kwa shilingi akiweka akiba kwa dola anacheza kamari na maisha yake hata kama mkono wake hautetemeki.

Hapo ndipo ninapoomba tuutazame utamaduni mwingine, ule ambao haukimbii watu bali unawafunga pamoja.

Ushahidi wake mkubwa katika dunia ya kisasa umetoka Ireland. Tarehe 1 Mei 1970 benki kubwa za biashara za nchi hiyo zilifungwa kwa sababu ya mgogoro wa wafanyakazi, na hazikufunguliwa hadi tarehe 17 Novemba. Miezi sita na nusu watu wengi hawakuwa na mahali pa kugeuza hundi kuwa fedha. Uchumi haukufa. Watu waliendelea kuandikiana hundi, hundi zikapita mkono hadi mkono kama noti, na waliozikubali au kuzikataa walikuwa wenye baa na wenye maduka, kwa sababu wao walijua nani ana ng'ombe, nani ana kazi na nani hulipa. Walikuwa wamewahudumia watu hao miaka mingi. Hakukuwa na kompyuta ya kukagua deni; kumbukumbu ya mwenye duka ilitosha.

Msomaji wa Bungoma hahitaji kuelezwa mara mbili. Wafanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Nzoia waliishi na mishahara isiyolipwa miezi mingi, na wakulima wa miwa wakadai malipo yao kwa miaka. Walikula nini? Walikula daftari la dukani. Mwenye duka pale Bukembe aliandika unga, mafuta ya taa na sabuni kwa jina, akijua mtu huyo, mkewe na shule wanayosoma watoto wake. Sacco, vyama vya akiba na mikopo, nazo zimejengwa juu ya msingi huohuo: mwalimu hapati mkopo wa maana bila wadhamini, na wadhamini ni wenzake wa chumba cha walimu, ambao mishahara yao itakatwa akitoroka. Anayetia sahihi anamjua anayekopa. Ukiondoa kujuana huko, mfumo mzima unaanguka.

Lakini utamaduni huu una udhaifu ambao wapenzi wake huuficha, na Webuye ilituonyesha. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kiliposimama mwaka 2009, madaftari ya maduka ya mji ule yalijaa madeni ya watu waliotegemea mlango mmoja. Kila mdaiwa alikuwa mwaminifu na hakuna aliyeweza kulipa. Mwenye duka aliwajua wote, na kuwajua hakukumsaidia, kwa maana wote walianguka siku moja. Deni la jirani ni kinga dhidi ya balaa la mtu mmoja. Balaa la mji mzima halina jirani.

Wapokot, ambao Kitale ndio mji wao mkubwa wa soko ukishuka kutoka Kapenguria, walilifikiria tatizo hili kabla yetu. Katika desturi yao ya tilia, mtu anayehitaji dume la kuchinja kwa sherehe au kwa dharura hulipata kwa mwenzake na kumpa ng'ombe jike. Ng'ombe huyo hukaa na kuzaa kwenye zizi la mwenzake, na madai ya ndama yanaendelea kati yao kwa miaka, wakati mwingine hadi kwa watoto wao. Mfugaji mwenye busara hana tilia na jirani wa ukuta kwa ukuta peke yake. Ana mwenza kule juu penye baridi na mwenza kule bondeni penye joto, hata ukame, ugonjwa wa mifugo au uvamizi wa wezi ukilipiga zizi lake, mali yake nyingine iko mbali, inakunywa maji ya mto mwingine. Na mwenza huyo si mgeni. Wamekula pamoja, deni lao linajulikana na wazee, na atakayelikana atapoteza jina katika nchi yote.

Mimi naiona tilia kuwa mfumo wa akiba uliofikiriwa kwa kina kuliko mwingi unaouzwa leo, kwa sababu unashika vitu viwili kwa pamoja: umbali na kujuana. Daftari la dukani lina kujuana bila umbali. Bitcoin ina umbali usio na kifani, mali yako haigusiki na ukame wa Pokot wala mfilisi wa Nairobi, lakini haina wa kumwendea. Ukipoteza maneno ya siri ya kufungulia, hakuna mzee wa kuketi naye. Kampuni ya FTX ilipoanguka Novemba 2022, wateja wake walijikuta wakifuatilia madai yao katika mahakama ya ufilisi ya Marekani, na kijana wa Kitale aliyekuwa na dola 400 mle hakuwa na nauli ya kuifikia.

Jambo la kushangaza ni kwamba teknolojia yenyewe hailazimiki kufuata utamaduni wa Bitcoin. Hapahapa Kenya ilipewa roho nyingine. Mwaka 2013, katika mtaa wa Bangladesh huko Mombasa, Will Ruddick, wa shirika la Grassroots Economics, alisaidia kuanzisha Bangla-Pesa, vocha za karatasi ambazo wafanyabiashara wadogo walikubaliana kupokeana. Muuza maji, kinyozi na mama wa viazi walikuwa na bidhaa na nguvu, walichokosa ni shilingi za kuzungusha siku mbaya. Mei mwaka ule Ruddick na wanachama kadhaa walikamatwa kwa tuhuma za kughushi fedha. Agosti mashtaka yakaondolewa. Vocha zikaenea hadi Kawangware, Kangemi na Kibera, kisha zikahamia kwenye simu za kawaida na kurekodiwa kwenye daftari la kidijitali la aina ileile inayoendesha Bitcoin, kwa jina la Sarafu. Wakati wa korona mwaka 2020, shilingi zilipokauka, Sarafu ilitumika Mukuru na vijiji vya Kinango, Kwale, Msalaba Mwekundu wa Kenya ukishiriki, na kufikia katikati ya 2021 waliojiandikisha walikuwa makumi ya maelfu. Wanaoiendesha wanasema wazi kwamba wanafuata mweria, desturi ya Wamijikenda ya kulimiana mashamba kwa zamu.

Kwa hiyo tunapouliza kama kripto inafaa Bungoma, tunauliza swali lililochanganya watu wawili. Sarafu na Bitcoin zinatumia mashine ya ukoo mmoja, lakini ndugu wa kweli wa Sarafu ni tilia na hundi za Ireland: ni ahadi ya mtu anayejulikana kwamba atakupa kitu, iliyoandikwa mahali ambapo haifutiki. Ndugu wa Bitcoin ni dhahabu iliyozikwa chini ya mgomba.

Sisemi kwamba vocha za jamii hazina hatari. Argentina ilitufundisha kwa machozi. Vilabu vya kubadilishana vilivyoanza Bernal mwaka 1995 vilikuwa vidogo, vya majirani. Desemba 2001 serikali iliposema mtu asitoe zaidi ya peso 250 kwa wiki, mamilioni walivikimbilia. Karatasi zao, zilizoitwa crédito, zilichapishwa kupita kiasi, za kughushi zikaingia, watu wakaleta nguo kuukuu huku chakula kikitoweka, na mwaka uliofuata vilabu vingi vilikuwa vimekufa. Vilikua haraka kuliko kujuana kunavyoweza kukua. Iwapo kesho benki za Kenya zitafungwa na watu nusu milioni wakajiandikisha kwenye vocha za kijiji kwa wiki moja, tutayaona yaleyale.

Na kuna neno ambalo ni lazima lisemwe kwa upande wa Bitcoin, nalo ndilo linaloniumiza zaidi katika mjadala huu. Kujuana kunaweza kugeuka. Mapema mwaka 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, maelfu ya watu wa Trans Nzoia walilala katika uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Kitale. Walikuwa wamefukuzwa na watu waliowajua kwa majina. Chama chao cha akiba, mdaiwa wao, mdhamini wao, mwenye duka aliyewaandikia mkopo, vyote vilibaki nyuma ya moshi. Kwa mtu aliye katika hali hiyo, kumsifia akiba iliyojengwa juu ya ujirani ni kumtonesha kidonda. Kilichofika mikononi mwa wengi siku zile kilikuwa M-Pesa, iliyokuwa haijatimiza hata mwaka mmoja tangu kuzinduliwa Machi 2007, na kadi za muda wa maongezi zilizotumwa na jamaa wa Nairobi na Nakuru. Tena ni umbali na kujuana kwa pamoja: ndugu aliye mbali na moto.

Mtu asiye na ndugu wa namna hiyo, mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji, kijana asiye na mdhamini kwa kuwa hana kazi, mhamiaji asiye wa kabila la pale, ana haki ya kutaka fedha isiyomuuliza ni mtoto wa nani. Chama humuuliza. Sacco humuuliza. Bitcoin haimuulizi. Na vyama vyetu havijawa vitakatifu: ukaguzi wa PwC ulipofichua shimo la shilingi bilioni 13.3 katika KUSCCO, muungano ulioshika fedha za Sacco nyingi nchini, tulijifunza kwamba kujuana kukipanda ngazi hadi Nairobi huacha kuwa kujuana. Mwalimu wa Kimilili alimjua mdhamini wake vizuri. Hakumjua hata mmoja wa waliotia sahihi vitabu vya KUSCCO.

Nikiyapima yote, hukumu yangu ni hii. Kwa ugonjwa wa fedha inayooza, sarafu ya kidijitali iliyofungamanishwa na dola ni dawa halisi kwa anayepata mapato ya nje au aliyehamisha mapema, na Lebanon imethibitisha. Kwa ugonjwa wa benki iliyofungwa ilhali shilingi ni nzima, ambao ndio wetu, Bitcoin ni mlango mwembamba: wanaoupita ni wachache wenye akiba ya ziada, na hata wao watarudi kwa wakala kutafuta noti. Chakula cha wiki ya pili kitatoka kwa mwenye duka, kwenye chama, ghalani na kwa ndugu wa kaunti nyingine. Anayewashauri wakulima wa Endebess au Tongaren kuuza mahindi yao yote wanunue Bitcoin kama kinga ya benki anawapotosha, na wengi wa washauri hao, nasema kwa uchungu, wanalipwa kamisheni kwa kila anayejiunga.

Desturi zetu nazo zinahitaji kunyooshwa umbali. Sacco za Bungoma zingeweza kuwa na amana katika benki zaidi ya moja na kuwaambia wanachama ni zipi. Vyama vya Chwele vingeweza kufungamana na vyama vya Kinango au vya Kapenguria, kila kimoja kikiheshimu vocha za mwenzake, kwa daftari la kidijitali ambalo mweka hazina mmoja hawezi kulifuta usiku. Stakabadhi za ghala, ambazo sheria ya 2019 imeziruhusu, zingeweza kumfanya mkulima wa Kitale akope kwa gunia lililokaushwa vizuri badala ya kuliuza kwa dalali Desemba ili alipe karo ya Januari. Hapo teknolojia itakuwa imeitumikia tilia.

Sheria ya Watoa Huduma za Mali za Kidijitali ilitiwa sahihi Oktoba 2025, ikaweka soko hili mikononi mwa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Iliandikwa hasa kwa kuwafikiria wauzaji wakubwa, na ni vyema, kwa kuwa wamewaumiza watu. Ombi langu kwa wanaozitunga kanuni zake ni kwamba wasimtoze mama wa viazi wa Kinango leseni ya mtu anayeuza Bitcoin kwa mamilioni, wala wasimkamate kama walivyokamatwa wa Bangladesh mwaka 2013. Waje Bungoma na Kitale kabla ya kuchapisha kanuni hizo, wakae na vyama, na Sacco na wenye maduka, wawaulize waliishije miezi ambayo Nzoia haikulipa.